Chaja ihamie sebuleni

Kama bado unaishi kwa wazazi na usiku wako unaliwa na TikTok na Instagram, usikimbilie kufuta akaunti. Hamisha chaja sebuleni, iwe moja tu, na simu ilale huko. Aibu ya kunyata saa saba usiku kuifuata, huku baba anakohoa chumba cha pili, inazuia kuliko kikomo cha muda cha kwenye simu. Hicho unakibonyeza tu "dakika 15 zaidi" na maisha yanaendelea. Ya kukuamsha, nunua saa ya mezani.

Mchana nako kuna jambo. Mzazi akikuona umeinamia simu hajui kama unatafuta kazi au unacheka video. Kwake yote ni kupoteza muda, na ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia hapo. Basi sema mapema: "Mama, natuma maombi ya kazi, kama saa moja hivi." Ukimaliza, iweke chini akiona. Zima arifa zote, bakiza simu na ujumbe wa watu unaowajua. Wiki ya kwanza vidole vitawasha kweli. Weka redio au kitabu kando ya kitanda.