Jinsi ya kumpokea na kumuaga Ganesh nyumbani

Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Wahindu ya mungu Ganesh mwenye kichwa cha tembo, kama wanavyoifanya kule jimbo la Maharashtra, India, ukishika jambo moja mengine yanajipanga yenyewe: Ganesh anakuja kama mgeni. Inaangukia siku ya nne ya mwezi mchanga wa Bhadrapada kwenye kalenda ya Kihindu, kati ya Agosti na Septemba, na anakaa siku moja na nusu, tatu, tano, saba au kumi, kisha anaagwa kwa kuzamishwa majini. Ile ya mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe hapa haifanyi kazi kabisa.

Anza na sanamu, chukua ya udongo usiochomwa. Za plasta zinang'aa kweli ila majini haziyeyuki, unamuaga mungu wako vizuri alafu kesho yake mkono wake umekwama kwenye matope, aibu tupu. Na hata kwenye hadithi Parvati, mama yake Ganesh, alimfinyanga mwanae kwa manjano aliyojisugua mwilini, akamweka alinde mlango yeye akioga, Shiva mumewe akarudi akazuiwa, akamkata kichwa kwa hasira, baadae ndo akapewa cha tembo. Wengi nyumbani wanapenda mkonga uliopinda kushoto, wa kulia wanasema una masharti makali.

Safisha mahali, weka kigoda na kitambaa, kisha kuhani au mkubwa wa nyumba asome mantra, yaani maneno matakatifu, za kumuita aingie kwenye sanamu, kabla ya hapo ni udongo tu. Mpe maua mekundu na majani 21 ya nyasi ya durva. Tulsi, ule mrehani mtakatifu, hapana. Asubuhi na jioni zungusha taa mbele yake mkiimba, na usifunge nyumba ukaondoka, mgeni haachwi peke yake.

Chakula chake ni modak. Kaanga nazi ya kukuna na sukari guru hadi maji yakauke, tia iliki. Mwaga unga wa mchele kwenye maji yanayochemka yenye samli kidogo, koroga, funika, alafu kanda ungali wa moto maana ukipoa tu unapasuka, finyanga kibakuli chembamba, jaza, kunja mikunjo mikunjo ukikusanya juu, kisha pika kwa mvuke kama dakika 10 hivi. Wanatoa 21.

Usiku wa siku ya kwanza usiangalie mwezi, wanasema utasingiziwa wizi kama mungu Krishna alivyosingiziwa kuiba johari.

Siku ya kuaga zungusha taa mara ya mwisho, mpe mtindi wa safarini, msogeze kidogo pale alipokaa, hapo ndo ruhusa imetoka. Mnaimba "Ganpati Bappa Morya" (Ganpati ni jina lake lingine) mkimuomba awahi kurudi mwakani. Yale maandamano makubwa ya mitaani yalipewa nguvu na Tilak, mpigania uhuru wa India, mwaka 1893, alitaka watu wakusanyike Waingereza wakiwa bado wanatawala, ila wewe sio lazima uende baharini, ndoo inatosha. Toa kwanza maua, vitambaa na mapambo yote, mzamishe taratibu, muache hadi udongo uyeyuke wote, na yale maji mwagia mimea, usimwage chooni.