Kiti cha baiskeli kisichotia ganzi: kupima, kuchagua na kufunga

Jumamosi iliyopita shemeji yangu alifika kwangu Umoja akiikokota baiskeli. "Shemeji, hii naiuza," akaniambia kabla hata hajaketi. Tangu aache matatu, huenda kazini Viwandani kwa baiskeli, na kila akishuka getini, sehemu za kati zimekufa ganzi, na ganzi yenyewe haiishi mpaka saa ya chai. Alikuwa ameshanunua kiti kipana chenye sifongo nene, na juu yake akakivisha kifuniko cha jeli. Hali ikazidi kuwa mbaya.

Nilimwelewa vizuri mno, maana nami nilibadilisha viti vitatu ndani ya miezi minne kabla ya kujua tatizo langu lilikuwa wapi. Tulishinda uani na spana, pimamaji na kipande cha katoni. Haya ndiyo tuliyofanya.

Unakalia nini hasa

Keti kwenye benchi ngumu, ingiza viganja chini ya matako. Utahisi mifupa miwili inakuchoma. Hiyo ndiyo inayopaswa kubeba uzito wako. Katikati yake, kwenye msamba, mna neva na mishipa ya damu, na hiyo ikibanwa kwa muda mrefu ndipo ganzi huja, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kiti kinachofaa hushika mifupa na kuuacha msamba upumue.

Sasa angalia sifongo nene inafanya nini. Mifupa inazama, sifongo iliyosukumwa kando inainuka katikati na kuukandamiza msamba. Kwa hivyo kiti kinachobonyea vizuri ukikiminya kwa kidole gumba dukani huweza kukutesa ukifika nusu ya barabara ya Outering. Kifuniko cha jeli simshauri mtu yeyote anayeendesha zaidi ya dakika kumi. Kile cha shemeji tulikivua pale pale.

Hatua ya 1: Pima mifupa

Chukua katoni yenye mawimbi ndani, ile ya kubebea maziwa au sabuni, ikate kipande, kiweke juu ya kigoda kigumu kisicho na mto. Kikalie ukiwa umevaa nguo nyepesi, kanyaga kitu kilichoinuka ili magoti yapande, inama mbele kidogo, tulia dakika moja. Ukiinuka utaona mabonde mawili. Kama hayaonekani vizuri, lalisha chaki upande na uipitishe juu yake: pale pasiposhika chaki ndipo palipobonyea. Pima kutoka katikati ya bonde moja hadi katikati ya lingine.

Usikisie kwa ukubwa wa mwili. Mke wangu ni mwembamba kuliko mimi, lakini yeye alipata milimita 128 nami 112. Kwa wastani wanawake wana nafasi kubwa zaidi, lakini watu hutofautiana sana. Pima.

Hatua ya 2: Ongeza kulingana na unavyokaa

Anayeinama kiasi kwenye baiskeli ya milimani au ya barabarani namwongezea milimita 20 hivi juu ya kipimo chake. Anayekaa wima namwongezea 30 au zaidi, kwa sababu uzito karibu wote unashuka kwenye kiti. Ndiyo maana baiskeli za Black Mamba za wazee wetu zilikuja na kiti kipana chenye springi, na kwa mkao ule kilifaa kabisa. Ukikihamishia kwenye baiskeli ya kuinama, kingo zake zitakuchubua mapaja.

Shemeji alipata 118, tukatafuta kiti cha karibu 140. Kile alichokuwa nacho kilipita 200.

Nenda dukani na rula. Kumbuka kingo za kiti zimepinda kuelekea chini na hazibebi mfupa. Kinachohesabika ni ile sehemu ya juu iliyo bapa.

Hatua ya 3: Umbo

Chagua chenye mfereji au tundu katikati, sifongo ngumu kiasi na pua nyembamba. Bonyeza kwa gumba: kirudi haraka, wala kidole kisifike chini. Kiti cha mtumba chenye fremu nzima nakipenda kuliko kipya cha bei ya chini, ila kigeuze uangalie reli mbili za chini kama zimepinda au zina ufa.

Viti vya ngozi kama Brooks B17, cha kampuni iliyoanza Birmingham, Uingereza, mwaka 1866, vina upana wa milimita 170 na ushei na hujifinyanga kufuata mifupa yako. Mimi ni mpenzi wa ngozi. Lakini hapa Nairobi, kuanzia Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, usikiache nje bila kukifunika. Ngozi ikilowa halafu ukaikalia, inalegea na kupoteza umbo.

Hatua ya 4: Urefu

Weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Kiti kikiwa juu mno, nyonga zinayumba huku na huku na msamba unasuguliwa.

Hatua ya 5: Mwinamo wa pua

Hapa ndipo nilipopoteza Jumapili nzima, na hapa ndipo tatizo la shemeji lilipokuwa.

Pua ikiinuka, hata kidogo, inauchoma msamba. Ikishuka sana unateleza mbele, viganja na mabega vinaubeba mwili, na kila mara unajisukuma kurudi nyuma. Anza na usawa kamili. Hakikisha kwanza sakafu yenyewe iko sawa na magurudumu yana upepo, kisha laza kitabu kigumu juu ya kiti, kutoka mkia hadi puani, na pimamaji juu ya kitabu. Bila kitabu, mkunjo wa kiti utakudanganya. Programu ya pimamaji kwenye simu inatosha. Kiti cha shemeji kilionyesha digrii 6 kwenda juu, na kwa macho kilionekana kiko sawa!

Sasa kibanio, yaani kile chuma kinachoshika reli za kiti. Baiskeli nyingi zinazouzwa hapa zina kile kibanio cha bolti moja ya kupita, nati kila upande, na ndani yake vyuma viwili vya mviringo vyenye meno yanayoumana. Watu wengi, na mafundi wengine pia, hulegeza nati kidogo halafu wanaipiga pua ngumi ishuke. Ukifanya hivyo unakwangua meno. Legeza nati zote mbili mpaka uone meno yameachana kabisa, ndipo ugeuze. Kama yana matope ya zamani, yasugue kwa mswaki na mafuta ya taa, la sivyo hayataumana hadi mwisho. Kaza nusu mzunguko upande huu, nusu mzunguko upande ule, na uangalie pimamaji kila mara, kwa sababu kukaza kwenyewe huiinua pua.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Jino moja linaweza kuwa hatua kubwa mno. Langu lilikuwa na nafasi mbili tu karibu na usawa: moja pua juu, nyingine pua chini sana. Nilikesha nikigeuza nikidhani nakosea mimi, kumbe kibanio hakikuwa na nafasi ya katikati. Na kama meno yameisha, utakaza sawasawa nyumbani, uruke matuta mawili, pua inarudi juu. Kwa hivyo endesha mita mia chache kwenye barabara mbovu, rudi, pima tena. Ikiwa imesogea, badilisha kibanio. Kiti hakina kosa.

Suluhisho langu ni bomba la kiti, lile linaloingia kwenye fremu ya baiskeli, lenye kibanio cha bolti mbili, moja mbele, moja nyuma. Unalegeza moja, unakaza nyingine, na unaweza kusogeza nusu digrii. Nikiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nitanunua bomba hilo kabla ya kiti kipya. Soma namba iliyochapwa kwenye bomba la zamani, mfano 27.2, ununue hiyo hiyo. Tofauti ya milimita 0.2 inatosha kulifanya lishuke lenyewe au ligome kuingia. Usilivute juu kupita mstari wa onyo, na usibane reli pale zinapoanza kupinda.

Kutoka usawani, shusha pua digrii moja, jaribu siku mbili, kisha nyingine ikibidi. Mimi nimetulia kwenye moja na nusu. Shemeji yuko kwenye mbili.

Hatua ya 6: Kujaribu

Nampeleka mtu msitu wa Karura, maana kule kuna lami kidogo, murram na mizizi, na hakuna matatu ya kukukimbiza. Nenda saa nzima. Vaa kaptula ya baiskeli bila chupi ndani, kwa kuwa mishono ya chupi ndiyo huchubua. Simama kwenye pedali kila baada ya dakika kumi damu ipite. Mifupa kuuma wiki mbili za kwanza ni kawaida, itazoea. Ganzi si ya kuvumilia hata siku moja: shuka, rudi Hatua ya 5. Ikibaki saa kadhaa baada ya kushuka, au ukiona shida ya kukojoa au ya ndoa, acha baiskeli umwone daktari.

Jumatatu jioni shemeji alinipigia simu akiwa getini kwake. Ganzi haikuja, ila mifupa ilimuuma kidogo. Nikamwambia akaze nati tena Ijumaa.