Darasa la kisomo Tanga: namna ya kulinda heshima ya mwanafunzi mtu mzima

Mtu mzima anapoacha kisomo, mara nyingi si herufi zilizomshinda. Alisimamishwa asome mbele za watu akakwama, au habari zake zilifika mtaani kabla yeye hajafika nyumbani. Aibu ndiyo inayomwondoa, na wanaoondoka mwanzo ni wale wenye shida kubwa zaidi: wajane, wenye ulemavu, wanaopigwa nyumbani, vijana waliokatishwa shule kwa mimba. Basi panga kwanza yanayomsitiri, chaki itafuata.

Saa na mahali

Kuanzia Sahare hadi Tongoni ratiba huamuliwa na bahari. Siku za bamvua, kuzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na kina mama wanaotafuta pweza wako mwambani. Kipindi cha asubuhi siku hizo kitakuwa na viti vitupu. Saa 10:15 hadi 11:45 jioni inafaa zaidi: Alasiri imeshaswaliwa, na mtu anafika kwake kabla ya giza. Mwezi wa Ramadhani rudisha kipindi nyuma, kwa sababu saa hizo futari iko jikoni. Vipindi vitatu kwa wiki vinatosha kwa mtu aliyeshinda shamba la mkonge au sokoni.

Mkiazima darasa la shule ya msingi, subirini watoto wote waondoke. Bibi hawezi kushika kalamu huku mjukuu wake anachungulia dirishani. Madawati ya wadogo hubana magoti ya wazee, kwa hiyo wekeni mabenchi na meza, au mikeka kwa wanaopenda kukaa chini. Choo kiwe karibu na kiwe na komeo la ndani. Tengeni pia kona ya watoto wachanga na mtu wa kuwaangalia, la sivyo kina mama wanaonyonyesha hamtawaona. Mwezeshaji mmoja asipewe zaidi ya watu 20.

Kuandikisha

Mwandikishe mmoja mmoja, pembeni. Yanatosha jina, umri wa kukadiria, na kitu anachotaka kukisoma kwanza: ujumbe wa simu, kadi ya kliniki, daftari la vikoba. Usimuulize kwa nini hakusoma utotoni. Muulize anapenda kuitwaje. Huku kwetu mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, lakini yuko aliyefiwa na mtoto huyo, na yuko ambaye hakujaliwa kuzaa; ukikisia, unamchoma mbele ya wenzake. Na msiliite darasa ngumbaru, maana watu huchekwa nalo.

Badala ya mtihani, mwonyeshe kadi tatu: irabu, silabi, kisha sentensi fupi. Dakika tano zinatosha kujua aanzie wapi. Daftari la majina lifungiwe kabatini. Picha za darasa zisiingie kundi lolote la WhatsApp kabla ya kila aliyemo kuelezwa zinakokwenda na kukubali.

Ndani ya kipindi

Someni kwa pamoja, kisha wawili wawili, na peke yake asome anayejitolea tu. Mwite Bibi, Mzee, Shangazi, kama alivyochagua. Kosa lisahihishwe kwenye daftari lake kwa sauti ya chini. Herufi b na d zisifundishwe wiki moja, maana zinachanganyika; ng' ingoje hadi silabi nyepesi zikae. Kila mtu ajifunze kuandika jina lake mapema, ili akiitwa kusaini asitoe dole gumba.

Angalia macho kabla ya kumwona mtu mzito wa kuelewa. Kuanzia miaka 40 hivi macho huanza kushindwa kuona vya karibu. Ukimwona anasogeza karatasi mbali, anahitaji miwani ya kusomea. Ubaoni andika herufi zenye urefu wa sentimeta 5. Mwenye ualbino akae mbele, mgongo wake ukielekea dirisha, kwa kuwa mwanga mkali humuumiza macho. Asiyesikia vizuri akae mahali anapoona mdomo wako, nawe usiseme ukiwa umeugeukia ubao.

Akikuambia anapigwa

Hili ndilo linaloharibiwa zaidi, tena na watu wenye nia njema. Msikilize, usimhoji, usiandike neno kwenye madaftari ya darasa. Usiende kumkabili mume: usiku huohuo atakayelipia ni mwanafunzi wako. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu kamwe. Mwambie ni nani anaweza kusaidia, yaani afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, kisha aamue yeye, nawe umsindikize akitaka. Akiwa amebakwa, aende hospitali haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia VVU hufanya kazi zikianzwa ndani ya saa 72. Mwezeshaji naye awe na mpaka: hakuna masomo ya faragha mlango ukiwa umefungwa, wala mapenzi na mwanafunzi.

Mtu akikosa vipindi viwili, mtume mwenzake ambaye alimchagua mwenyewe siku ya kuandikishwa. Huyo asitaje darasa mlangoni. Amsalimu tu, na wakiwa peke yao amjulishe kwamba kipindi kilichompita kitarudiwa.