Mswada umeingia bunge la kaunti, sasa wewe ufanyeje?

Mie nina saiba ndogo karibu na soko hapa Malindi, kazi yangu ni kutoa kopi, kupiga chapa na kujazia watu fomu za KRA, lakini kila mwaka kuanzia Julai mpaka Septemba hivi napata kazi nyengine isiyolipa, ya kusomea watu miswada. Juzi kaja mama mmoja auza samaki, mkono mmoja ndoo mkono mwengine simu, aniambia, "Mwanangu, hebu nisomee hii, ati sheria ishapita twalipishwa mpaka ndoo." Kuangalia ni picha ya ukurasa mmoja tu, kidole cha mtu kimefunika kona, haina tarehe, haina nambari, haina hata jina la kaunti. Nikamwambia, "Mama, hii si sheria bado, huu ni mswada, na huenda hata si wetu." Akaiweka ndoo mlangoni akakaa, paka nao wakaja, ikawa darasa. Yale niliyomwambia siku ile ndio naandika hapa, manake nimechoka kurudia.

Kwanza jua karatasi uliyoshika ni ya aina gani, sababu watu huchanganya vitu vinne na kila kimoja kina dawa yake. Mswada ni sheria ambayo bado yapikwa. Sheria ni mswada uliopita, ukatiwa sahihi na gavana na ukachapishwa kwa gazeti rasmi la serikali. Hoja ni MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti, kusimama na kuomba bunge likubaliane na jambo, tuseme kaunti iweke taa pale wavuvi wanaposhukisha samaki, na hoja ikipita yaitwa azimio. Alafu kuna ombi, ambalo latoka kwako wewe mwananchi kwenda bungeni, ntalifikia.

Sasa hapo kwa azimio nikae kidogo manake ndipo twadanganyika sana. Azimio halikutozi, halikufungi, lakini pia taa haziwaki kwa sababu yake, sababu pesa hukaa kwenye bajeti. MCA asimama asoma hoja, apigwa picha, picha yarushwa kwa kila grupu, wadi nzima yashangilia, mwaka waisha giza ni lile lile na hakuna aliyedanganya, hoja ilipita kweli. Kwa hivyo ukisikia hoja imepita usiulize "lini", uliza "imewekwa bajeti gani na kwa mstari gani". Mabunge mengi ya kaunti yana kamati ya utekelezaji ambayo kazi yake ni kufuata ahadi kama hizo, na mie sijaona mtu akiwaandikia hao hata siku moja.

Pili, hakikisha jambo lenyewe ni la kaunti. Fungua katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne mwisho mwisho, imeandikwa wazi kaunti yafanya nini: zahanati na hospitali za kaunti, masoko, leseni za biashara, uvuvi, chekechea, barabara za kaunti, leseni za pombe, zima moto. Polisi si wao. Shule ya sekondari si yao. Nimeshamchapishia mzee mmoja kurasa sita za kulalamikia OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, apeleka bunge la kaunti, nikamwambia "mzee wangu hii pesa yako ya kopi yapotea", hakusikia.

Sisi wa Malindi hatuna kisingizio cha mbali, bunge la kaunti ya Kilifi limekuwa likikaa hapa hapa mjini, wa kutoka Mtwapa ndio walie nauli. Wadi ziko 35 kwa hivyo una MCA mmoja wa kumchagua, na wengine wa kuteuliwa juu yake. Na vikao ni vya wazi, kifungu cha 196 cha katiba chasema bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani, pamoja na kamati zake, na lisimzuie mtu ila spika awe na sababu maalum. Vaa heshima, beba kitambulisho, zima simu, keti pale juu usikilize.

Kupata mswada mzima ndio mtihani. Usikubali picha, tafuta kitabu chote. Jaribu tovuti ya bunge, jaribu afisi ya MCA kwenye wadi, alafu nenda kwa afisi ya karani wa bunge, huyo karani ndiye mwenye makaratasi yote, si spika. Mie mwenyewe nilishazungushwa na afisi moja siku tatu, leo mwenye ufunguo kaenda mazishi, kesho printa mbovu, nikajitolea hata kuwachapishia mimi, wapi. Dawa yake niliijua baadaye: usiombe kwa mdomo. Andika barua mistari mitatu, taja kifungu cha 35 cha katiba na sheria ya kupata habari ya 2016, peleka kopi mbili, moja wapigie muhuri wa kupokea ubaki nayo. Hiyo sheria yawapa siku 21 kukujibu, na nakwambia muhuri ukishagonga hiyo karatasi printa hupona.

Ukishaupata usianze mwanzo. Mwanzo ni jina na tafsiri ya maneno, utalala. Anza nyuma kabisa, kule kuna kurasa moja mbili za maelezo ya madhumuni na sababu za mswada, zimeandikwa kwa lugha ya kawaida kidogo, zasema mswada wataka kufanya nini na kama utagharimu pesa za umma. Alafu panda juu kidogo kwa majedwali, na kama ni mswada wa fedha, ule wa kutoza, jedwali ndio mswada wenyewe, huko mbele ni mapambo. Shika kalamu, teremka na safu ya kwanza mpaka uone biashara yako, alafu soma ile safu ya "kwa": kwa siku, kwa mwezi, kwa mwaka, kwa kilo, kwa gari, kwa ndoo. Hilo neno moja ndilo la kukuua. Shilingi 50 kwa mwaka na shilingi 50 kwa siku zimeandikwa hivyo hivyo, tofauti ni safu ya mwisho ambayo ndiyo kidole kilifunika kwa ile picha ya mama. Ukimaliza, rudi kwa vifungu vya adhabu, tafuta faini na kifungo, uone ukikosa kulipa wafanywa nini.

Tarehe nazo zishike kichwani, hazibadiliki sana. Mpango wa maendeleo wa mwaka wapelekwa bungeni kufikia Septemba 1. Waraka wa mkakati wa fedha kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Mswada wa matumizi, ule wa kuruhusu pesa zitumike, wapitishwa kabla Juni 30, na mswada wa fedha usizidi siku 90 baada ya ule wa matumizi. Ndio maana mie nyumbani naulizwa habari za mswada Agosti na watu waliolala Aprili, wakati Aprili ndio zahanati yako ilikua yakatwa dawa. Twapigia kelele kodi, matumizi twayaacha yapite, ajabu yetu sisi.

Ndani ya bunge mswada husomwa mara tatu. Mara ya kwanza ni kusoma jina tu, hakuna mjadala, usiende kupiga makofi. Kisha wapelekwa kamati, na hapo ndipo penye mlango wako, sababu kamati ndio yaita wananchi, yapokea maandishi na yaandika ripoti ya kusema hili libaki hili litoke. Kusomwa mara ya pili MCA wajadili, alafu bunge lote lakaa kama kamati wapitia kifungu kwa kifungu, mara ya tatu wapiga muhuri. Ukingojea mara ya tatu umechelewa, mwaya. MCA wako hata akikupenda vipi saa hiyo hana pa kushika.

Maandishi ya kupeleka kwa kamati wayaita memoranda na watu huogopa hilo neno wakadhani ni la mawakili. Si chochote. Kiswahili ni lugha rasmi kwa kifungu cha 7 kwa hivyo andika Kiswahili chako bila haya. Yule mama tulimwandikia hivi, baada ya kupata mswada kamili na kuona kweli kuna mstari wa ndoo (nambari hizi za mfano tu):

"Kwa karani wa bunge. Mimi ni muuza samaki wa rejareja. Napinga jedwali la pili, mstari wa 14. Samaki wa ndoo moja asipouzwa siku hiyo huoza, na asubuhi nalipa ada ya soko, kwa hivyo natozwa mara mbili kwa samaki yule yule. Naomba mstari ufutwe, au utoze gari lenye kuanzia kilo 200."

Basi, imekwisha. Wewe ni nani, mstari gani, kwa nini, wataka uandikweje. Hiyo ya mwisho ndio muhimu kushinda zote, manake ukisema tu "tumechoka" kamati haina la kuandika, lakini ukiwapa maneno ya kubadilisha mtu mvivu huyachukua vile yalivyo. Tafuta wenzako 20 watie sahihi na nambari za vitambulisho, kopi mbili, muhuri.

Mkutano wenyewe wa wananchi nao una mambo yake. Nenda mapema, na ukitia sahihi ile orodha ya waliohudhuria hakikisha juu imeandikwa ni mkutano wa nini, usitie sahihi karatasi tupu kwa sababu ya soda na mandazi. Ukisema, sema nambari ya kifungu, na ukimaliza muulize anayeandika akusomee alichoandika. Na ikiwa tangazo lilikuja jana yake usiku, liandike hilo pia, lina uzito. Mwaka wa 2014 Mahakama Kuu ilifuta sheria ya fedha ya Kiambu ya 2013 yote, kesi ya Gakuru na wenzake, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa sawa sawa, na jaji Odunga akataja kabisa kwamba watu waitwe kupitia makanisa, misikiti, mabaraza na redio. Kwa hivyo tangazo la Kiingereza gazetini peke yake usilikubali kirahisi.

Kama hakuna mswada wowote ila wewe una shida, hapo ndio ombi. Kifungu cha 15 cha sheria ya serikali za kaunti ya 2012 chakupa haki ya kuliomba bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Useme ulishajaribu wapi kwengine na kama jambo liko kortini, ukificha la korti ombi lako latupwa.

Mswada ukipita, gavana ana siku 14 tangu aupokee, atie sahihi au aurudishe na sababu. Akiurudisha MCA waweza kukubali mabadiliko yake, au waupitishe tena kwa thuluthi mbili. Akinyamaza siku zikaisha, yahesabiwa katia sahihi. Alafu wachapishwa kwa gazeti rasmi, na sheria yaanza siku ya 14 baada ya kuchapishwa, ila yenyewe iwe imetaja tarehe nyengine, na za fedha hutaja mara nyingi kwa hivyo soma kifungu cha kwanza.

Kwa hivyo kanjo, askari wa kaunti, akikujia na risiti ya bei mpya, usigombane naye, na ndoo usiimwage. Muulize ni sheria ya mwaka gani na ilichapishwa tarehe gani. Akijua, lipa uchukue risiti. Asipojua, andika jina lake na saa, uje saiba, nafungua saa mbili asubuhi, Ijumaa nafunga saa sita kwa swala.