Trei ya mayai na kokwa za chikichi

Walimu wenzangu wa Kigoma, msingoje mashine ya nukta nundu, yaani maandishi ya Braille yanayosomwa kwa kupapasa, ndipo mtoto asiyeona aanze kusoma. Kata trei ya mayai ubaki na vishimo sita: safu ya kushoto, kutoka juu, ni nukta 1, 2, 3, ya kulia 4, 5, 6. Kokwa za chikichi, ambazo huku hazikosekani, ndizo nukta. Kokwa kwenye 1 ni A, kwenye 1 na 2 ni B, kwenye 1 na 4 ni C. Kata ncha ya juu kulia, ajue mwenyewe juu ni wapi. Ila msikawie hapo. Vidole vizoee nukta ndogo mapema. Mwenye uoni hafifu yeye mwandikieni herufi kubwa, kwa wino mweusi mzito.