Alhamisi moja Uholanzi: kuzungusha kundi lako Leiden, The Hague na Delft

Kazi yangu ni kuongoza watalii hapa Entebbe, lakini mara kwa mara nageuza njia. Nakusanya wafanyabiashara, walimu na wastaafu kutoka Kampala, Bombo na Arua, pamoja na wenzetu wa Goma na Kigali, tunavuka kwenda Uholanzi. Kiswahili ndicho kinachotuweka pamoja. Wengi wao huwa na siku moja tu ya kutembea, maana safari yenyewe ni ya shughuli nyingine: maonyesho ya biashara, mkutano, au mtoto anayesoma huko. Nitaeleza namna ninavyoipanga siku hiyo, ili nawe uweze kuongoza kundi lako bila kununua ziara ya basi.

Hizo ziara za basi zinazoondoka Amsterdam huahidi miji mingi kwa siku, na msafiri hurudi akikumbuka viti vya basi. Chukua miji mitatu iliyo kwenye reli moja: Leiden, The Hague, Delft. Haarlem naipenda sana, Utrecht pia ni mzuri, lakini iache ingojee siku nyingine. Halafu lipe kundi swali moja la kutembea nalo kutwa. Langu ni hili: utajiri huu ulitoka wapi, na ulimfikia nani? Ukiwa na swali, hata nyumba iliyofungwa mlango inakuwa na la kusema.

Siku nzuri ni Alhamisi. Delft ina soko kubwa uwanjani siku hiyo. Jumapili makanisa yake mawili makuu hayafunguliwi kwa watalii, na Jumatatu asubuhi maduka mengi hayajafunguliwa. Angalia msimu pia: Juni jua huzama karibu saa nne usiku, lakini Desemba huzama karibu saa kumi na nusu jioni, na hapo itabidi uanze na Delft. Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na bila hiyo hutoki uwanja wa ndege hata kama unangojea ndege nyingine siku nzima.

Kwenye treni na tramu unalipa kwa kugusisha kadi ya benki kwenye mashine, ukiingia na ukitoka. Kadi moja, mtu mmoja. Mume na mke hawawezi kugawana. Kila mtu aiarifu benki yake kabla ya kusafiri. Ukishuka treni kupanda tramu, unagusa kutoka, kisha unagusa upya. Mimi husimama kwenye mashine na kuhesabu watu, maana asiyegusa anapotoka hukatwa pesa za ziada. Na kabla ya kuondoka mlangoni pa stesheni, waonyeshe njia ya baiskeli, ile ya lami nyekundu. Sisi tumezoea boda inayopiga honi na kukukwepa. Baiskeli ya kule haina kelele na haikwepi, kwa sababu pale ni kwake.

Fika Leiden saa tatu asubuhi. Kutoka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, treni huchukua kama robo saa. Ukitoka tu stesheni utakiona kinu cha upepo cha De Valk, kilichojengwa mwaka 1743. Pigeni picha, muendelee hadi mfereji wa Rapenburg. Hapo ndipo pa kusimulia kuzingirwa kwa mji. Majeshi ya Uhispania yalikuwa yameufunga mji huu mpaka watu wakawa wanakufa kwa njaa. Waholanzi wakatoboa kingo zao wenyewe za kuzuia maji, maji yakafunika mashamba, na mashua za waasi zikaelea juu ya nchi kavu hadi kwenye kuta. Tarehe 3 Oktoba 1574 mji ukawa huru, watu wakapewa samaki aina ya heringi na mkate mweupe, na hadi leo kila tarehe 3 Oktoba wenyeji hula vyakula hivyo. Mwaka uliofuata, 1575, Mwanamfalme William wa Orange, kiongozi wa uasi huo dhidi ya Uhispania, akaupa mji chuo kikuu. Walimu niliowahi kuongozana nao hukaa kimya kidogo wakisikia hilo: mji uliotoka kwenye njaa, cha kwanza kupewa ni chuo.

Bustani ya mimea ya chuo hicho ni ya mwaka 1590. Ya kwetu Entebbe ni ya 1898, na mimi nimezeeka humo nikionyesha watu miti, kwa hiyo sikubali kundi langu lipite bila kuingia. Carolus Clusius ndiye aliyepanda tulipu pale mwanzoni mwa miaka ya 1590, ua lililotoka nchi za Waturuki. Biashara yote ya maua ya Uholanzi, ile inayopokea waridi na vipandikizi vinavyopakiwa ndege hapa Entebbe, ina mizizi kwenye vitalu kama vile. Ukiwa na watu wa mashamba ya maua watakuomba uwapeleke kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer. Wakatalie kwa siku hii. Mnada ni wa alfajiri na unataka asubuhi yake.

Saa tano na nusu pandeni treni ya The Hague. Kwenye mabango ya stesheni mji huo umeandikwa Den Haag. Ni mwendo wa dakika kumi na tano hivi. Serikali ya Uholanzi hukaa hapa ingawa mji mkuu ni Amsterdam. Majengo ya Binnenhof, makao ya bunge, yamefungwa kwa ukarabati mkubwa tangu 2021, basi yatazameni ng'ambo ya bwawa, kisha mwelekeze kundi kwenye jumba dogo lililo pembeni, Mauritshuis. Watu huingia kuona picha za mchoraji Vermeer, na zinastahili kuonwa, lakini usiwaingize kabla hujawaambia nyumba ilikuwa ya nani. Johan Maurits alikuwa gavana wa Waholanzi huko Brazili, penye mashamba ya miwa. Mwaka 1637 alituma meli zikaiteka ngome ya Elmina, katika Ghana ya leo, ili apate watumwa wa mashamba hayo. Hapo swali letu linajibiwa bila mimi kuongeza neno. Waambie pia kwamba waziri mkuu wa Uholanzi aliomba radhi kwa ajili ya utumwa tarehe 19 Desemba 2022, na Mfalme Willem-Alexander akafanya hivyo tarehe 1 Julai 2023. Kila mmoja aamue moyoni mwake uzito wa radhi hizo.

Kisha tramu namba 1 hadi Kasri la Amani. Jengo hilo lilifunguliwa mwaka 1913 na ndimo ilimo Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Kwa Mganda na Mkongomani, hiki ni kituo kizito kuliko vyote. Mahakama hii iliamua tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria za kimataifa kwa vita vyake Kongo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Ndimo pia anamofanyia kazi jaji wa kwetu, Julia Sebutinde, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuketi kwenye mahakama hiyo, tangu 2012. Nimesimama kwenye lango lile na mama wa Goma upande mmoja na mzee aliyestaafu jeshini upande wa pili. Kazi ya kiongozi hapo ni kutaja tarehe na uamuzi kama ulivyo, kisha kunyamaza. Usihukumu, usitetee, usichekeshe. Yule mama alizungumza, mzee akasikiliza, na tramu tatu tukaziacha zipite. Tenga muda wa namna hiyo. Ndiyo maana miji mitano kwa siku haiwezekani. Mahakama ya Jinai ya Kimataifa, iliyomfunga Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa LRA, miaka 25, iko mbali kidogo, kuelekea vilima vya mchanga vya pwani. Anayeitaka aifuate siku yake.

Tramu hiyohiyo namba 1, ikielekea upande wa pili, inakufikisha Delft. Muwe pale saa tisa alasiri, mmekula njiani. Heringi mbichi yenye kitunguu huuzwa vibandani. Waislamu wa kundi langu huipenda kwa kuwa hawana haja ya kuuliza kuhusu nyama.

Delft ndipo ninapolipa mtu. Kodi mwongozaji wa mjini kwa saa moja na nusu, wewe utafsiri, na kundi lisizidi watu kumi na wawili, maana njia za kando ya mifereji ni nyembamba na wa nyuma hawasikii. Mwombe aanzie barabara ya Oude Delft, namba 39, iliyokuwa nyumba ya VOC, Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki iliyofanya biashara na Asia. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1602 na Delft ilikuwa moja ya matawi yake sita. Mbele zaidi kando ya mfereji huohuo ni Prinsenhof, ambamo William wa Orange alipigwa risasi na Balthasar Gerards tarehe 10 Julai 1584. Matundu ya risasi yamehifadhiwa ukutani. Angalieni kwanza kama makumbusho yamefunguliwa, maana nayo yamekuwa na ukarabati.

Tiketi moja inaingiza makanisa yote mawili. Kanisa Jipya lina kaburi la William. Mnara wake una urefu wa karibu mita 109, na mwenye magoti mazima apande. Mimi huwavuta Kanisa la Kale, lenye mnara ulioinama, kwenye jiwe la kaburi la Vermeer. Alikufa mwaka 1675 akiwa na miaka 43, ameacha watoto kumi na mmoja na madeni. Mjane wake alimwachia mwokaji mikate picha mbili kwa deni la gulden 617, pesa ya Uholanzi ya wakati huo. Wafanyabiashara wa soko la Owino, Kampala, wanalielewa deni la duka mara moja, na swali la utajiri ulimfikia nani linarudi lenyewe.

Malizieni kwenye kiwanda cha Royal Delft, kilichoanzishwa mwaka 1653. Ingieni mapema, kabla hakijafungwa. Kaure ya China ilikuja kwa meli za VOC; ilipoadimika kwa sababu ya vita vya China katikati ya karne ya 17, wafinyanzi wa Delft wakaiga. Ni kaure ileile ya China iliyopachikwa kwenye makaburi ya mawe ya Kunduchi, huko pwani ya Tanzania. Sogea karibu na mchoraji. Ana karatasi iliyotobolewa matundu madogo, anaipiga unga wa mkaa, mistari inabaki kwenye sahani. Anafuata mistari kwa brashi, na rangi anayopaka ni nyeusi. Buluu hutokea ndani ya tanuri, kobalti ikishapata moto. Hajati mmoja wa Bombo alikataa kuamini mpaka alipoonyeshwa sahani mbili, iliyochomwa na ambayo bado.

Anayenunua ageuze chombo. Kilichochorwa kwa mkono kina herufi za mchoraji chini, na alama za brashi zinaonekana; vya bei rahisi vya uwanjani vingi vimechapwa. Afunge kwa nguo, aweke mzigo wa mkononi. Treni ya Delft hadi Schiphol ni kama dakika 40. Hesabu watu kwenye mashine ya kadi, kisha hesabu tena ndani ya behewa.