Baiskeli Uholanzi: uangalie upepo kabla ya mvua

Ndugu anayehamia Uholanzi huwaza mvua kwanza. Hununua koti zuri, akadhani amejiandaa. Lakini mvua ya huku mara nyingi ni ya kupita. Fungua programu ya Buienradar, utaona inavyosogea kwa saa mbili zijazo. Pengine ukisubiri robo saa mlangoni utaondoka mkavu.

Kinachovunja nguvu ni upepo. Nchi ni tambarare, hakuna kilima cha kuukinga. Watu wa Pwani wanaujua upepo wa omo unavyochelewesha chombo. Kwenye baiskeli ni hivyo hivyo, ila huku injini ni magoti yako.

Utabiri huandikwa kwa herufi na namba. ZW 5 ni upepo wa kusini-magharibi wenye nguvu ya 5, yaani kama kilomita 29 hadi 38 kwa saa. Hapa wengi hukosea: herufi hutaja upepo unakotoka, si unakoelekea. Na huo wa kusini-magharibi ndio unaovuma mara nyingi zaidi, kwa hiyo hata unapotafuta nyumba, ufikirie. Mimi ningepanga kaskazini-mashariki ya kazini: asubuhi nipambane nao nikiwa na nguvu, jioni unisukume nyumbani nikiwa nimechoka.

Ikifika 5, achana na njia ya juu ya tuta la mto au bahari, hata kama ndiyo fupi. Shuka upite katikati ya nyumba. Kilomita mbili za ziada penye kinga ni nafuu kuliko moja ya wazi. Njia ya miti nayo ni nzuri, ila si siku ya dhoruba, maana matawi huanguka. KNMI, yaani idara ya hali ya hewa ya Uholanzi, wakitangaza tahadhari ya rangi ya chungwa, panda basi.

Wakati wa barafu, fuata njia kuu za baiskeli hata zikizunguka, kwa sababu ndizo zinazomwagiwa chumvi, vichochoro huachwa. Madaraja huganda mapema kwa kuwa baridi huyapiga juu na chini. Vuka bila kukata kona wala kubana breki ghafla. Punguza upepo kidogo kwenye matairi, ushushe na kiti ili miguu ifike chini.

Rada uitazame kabla ya kupanda, au usimame pembeni. Tangu Julai 2019, kushika simu mkononi ukiendesha baiskeli ni kosa la kutozwa faini.